Baraza Lililogeuka Kuwa Kitu



Jioni ya leo twapenda kulifuata neno moja tu, tulione lilikotoka na njia lililopita. Si neno la fahari. Kila mwanafunzi aanzaye Kiingereza hukutana nalo katika juma la kwanza, nalo ni "thing", ambalo mwalimu hulifasiri "kitu". Sisi tuwafundishao walimu twalijua neno hili kwa ubaya wake zaidi ya uzuri wake, maana mwanafunzi asiyejua jina la chombo, au la tendo, au la hali ya moyo, huandika "thing" akaendelea mbele bila haya. Na kazi yetu ni kulipiga mstari wa wino mwekundu. Ni jepesi kama pumba. Laweza kuwa sufuria, laweza kuwa huzuni, laweza kuwa habari ya vita.

Basi yastaajabisha kujua ya kwamba hapo kale neno hili jepesi lilikuwa zito sana. Miaka 1300 iliyopita Mwingereza aliyelitamka huenda alikuwa akisema habari za baraza: watu wa nchi wamekutanika mahali panapojulikana, siku inayojulikana, ili kukata kesi na kuzisema sheria. Katika sheria za Hlothhere na Eadric, wafalme wa Kent katika karne ya 7, neno hili limeandikwa kwa maana hiyo.

Wala si la Waingereza peke yao. Kiingereza kina ndugu zake, ambao wataalamu huwaita jamaa ya lugha za Kigermanik, na ndugu wote wanalo neno hili. Mjerumani husema "Ding", Mholanzi "ding", watu wa Norwei, Denmark na Uswidi husema "ting", na watu wa Aislandi huandika "þing", kwa herufi isiyokuwamo katika alfabeti yetu, isomwayo kama "th" ya thelathini. Msidhani kwamba sauti hizi zimebadilika ovyo. Zina kanuni. Chukueni hesabu ya tatu: Mwingereza husema "three", Mnorwei "tre", Mjerumani "drei". Penye "th" ya mmoja pana "t" ya mwenzake na "d" ya yule wa tatu. Sisi nasi twayajua mambo haya, kwani mtu wa Unguja asemapo njia na njoo, mtu wa Mvita au wa Lamu husema ndia na ndoo, wala hakuna adhaniye kwamba mmoja wao amekosea. Kwa kanuni za namna hii wataalamu huweza kutambua kwamba maneno ya lugha nyingi yalizaliwa na mama mmoja, hata kama mama huyo hakuacha maandishi.

Na kabla ya kuwa baraza, neno hili lilikuwa nini? Wagothi, watu wa jamaa hiyohiyo, walitafsiriwa Biblia na askofu wao Wulfila katika karne ya 4, na katika tafsiri ile mna neno "þeihs", ambalo maana yake ni wakati. Wataalamu wengi huliona kuwa ndugu wa neno letu. Kwa hiyo yaelekea kwamba maana ya kwanza kabisa ilikuwa wakati uliowekwa, yaani miadi. Kisha miadi ikawa jina la mkutano uliofanywa siku hiyo ya miadi.

Mikutano hiyo ilikuwaje? Mrumi mmoja, Tacitus, aliandika habari za Wagermani mwaka 98. Aliandika kwa Kilatini, kwa hiyo neno lenyewe hakulitaja, walakini jambo lenyewe alilieleza vizuri. Asema walikutana mwezi ulipoandama au ulipokuwa mpevu. Walikuja na silaha zao. Makuhani ndio walioamuru watu wanyamaze. Mfalme au jumbe akisema, alisikilizwa kwa sababu ya kujua kuwavuta watu kwa maneno, si kwa sababu ya kuwa na nguvu za kuamuru. Wasipopendezwa naye walinung'unika, na wakipendezwa waligonganisha mikuki yao. Tena Tacitus alalamika ya kwamba hawakufika wote kwa pamoja, bali siku mbili au tatu zilipotea kwa kungojeana. Yeye aliuona uzembe huo kuwa tunda baya la uhuru. Kwa jambo hili hatuna budi kunyamaza, maana wengine wetu tumepata kuitisha mikutano vijijini.

Baraza lile lilikuwa hata na mungu wake. Kaskazini ya Uingereza kuna ukuta mrefu wa mawe uliojengwa na Warumi, na mahali paitwapo Housesteads, mwaka 1883, palionekana jiwe la madhabahu lililosimamishwa katika karne ya 3 na askari wa Kigermani waliotumikia jeshi la Kirumi. Jiwe hilo limewekwa kwa heshima ya Mars Thincsus, yaani mungu wa vita aliye bwana wa baraza. Askari wale walikuwa mbali na kwao, wakimlilia mungu wa baraza lao katika nchi ya ugeni. Na wataalamu huona jina la mungu huyo katika siku ya Jumanne ya Kijerumani, "Dienstag", na ya Kiholanzi, "dinsdag". Sisi Waswahili tulizihesabu tu siku zetu kuanzia Jumamosi, tukapata mosi, pili, tatu, nne. Wajerumani wangali wakilitaja baraza la kale kila juma, nao hawajui.

Walakini atakaye kuliona baraza hili likiwa hai, na aende Aislandi.

Aislandi ni kisiwa cha baridi na moto katika bahari ya kaskazini: milima yake ina theluji, na chini ya theluji mna volkano. Watu walihamia huko tangu karne ya 9, wengi wao wakitoka Norwei, na hawakutaka kuwa na mfalme. Mwaka 930 waliweka baraza moja la nchi nzima, wakaliita Alþingi, maana yake baraza la watu wote. Lilikutana mahali paitwapo Þingvellir, yaani nyanda za baraza. Ninyi mkaao karibu na Bonde la Ufa katika Kenya au Tanzania mngepatambua mara moja, kwa kuwa ardhi ya pale nayo yapasuka na kutanuka polepole, na upande wa magharibi pana genge refu la mawe meusi. Genge hilo huitwa Almannagjá, maana yake ufa wa watu wote. Hapo, kila mwaka wakati wa kiangazi, ambapo usiku wa nchi zile hauna giza, watu walikuja kwa farasi kutoka pande zote, wengine safari ya siku nyingi, wakapiga mahema wakakaa yapata majuma mawili.

Penye genge palikuwa na Mwamba wa Sheria. Huko alisimama mtu mmoja aliyeitwa msema-sheria, naye ndiye tunayetaka mmfikirie sana. Nchi ile haikuwa na mfalme, wala askari polisi, wala jela, na kwa muda mrefu haikuwa na kitabu cha sheria. Sheria zote zilikaa kichwani mwa watu. Msema-sheria alichaguliwa kwa miaka mitatu, na kila mwaka alizisema kwa sauti sehemu moja katika tatu za sheria za nchi mbele ya watu wote, hata muhula wake ukiisha watu wamezisikia zote. Ndipo wanaojua waliposikiliza kama amesahau neno. Sheria haikufichwa mahali ambapo maskini hawezi kufika. Ilipigwa kelele mwambani. Ni katika majira ya baridi ya mwaka 1117 kuingia 1118 ndipo walipoanza kuziandika.

Yapata mwaka 1000 baraza hili lilifikia hatari kubwa. Nchi ilikuwa imegawanyika, nusu yao wakiwa Wakristo, nusu wakishika miungu ya zamani, na kila upande ulitaka kuwa na sheria yake na msema-sheria wake. Wenye silaha walikuwa wengi pande zote mbili. Basi wakakubaliana kumwachia neno Þorgeir, aliyekuwa msema-sheria, naye mwenyewe alikuwa wa miungu ya zamani. Habari zake ziliandikwa na Ari Þorgilsson miaka mia na zaidi baadaye. Þorgeir aliingia hemani mwake, akalala, akajifunika nguo, akakaa mchana ule na usiku wake asiseme neno. Asubuhi akatoka akaketi, akawaita watu mwambani. Akawaonya kwamba wakiigawanya sheria wataigawanya na amani. Kisha akakata shauri: watu wote wabatizwe, nchi iwe na sheria moja, ila waliopenda kutoa sadaka kwa siri waachwe kwa muda. Upande wake mwenyewe ndio ulioshindwa, na yeye ndiye aliyeutamkia kushindwa huko. Pande zote mbili zikakubali, watu wakarudi makwao bila vita.

Tusiwapambe watu hawa kupita kiasi. Wanawake hawakuketi kuhukumu katika baraza lile, na watumwa hawakuwa na sauti. Tena, kwa kuwa hapakuwa na serikali ya kuitimiza hukumu, mtu aliyeshinda kesi alipaswa kuitimiza mwenyewe pamoja na ndugu zake; kwa hiyo mnyonge aliweza kushinda barazani akashindwa nyumbani. Magomvi ya wakubwa yaliizidi nguvu sheria, na kati ya mwaka 1262 na 1264 Waaislandi walimkubali mfalme wa Norwei. Baadaye wakawa chini ya Denmark. Baraza likaendelea kukutana, walakini kama mahakama tu, na hukumu zake nyingine zilikuwa za kutisha: baada ya sheria kali ya mwaka 1564, wanawake waliohukumiwa kwa makosa ya zinaa walizamishwa katika kidimbwi kilicho papo hapo penye nyanda za baraza. Kidimbwi hicho kingalipo, nacho huonyeshwa kwa wageni. Mwaka 1798 lilikutana Þingvellir kwa mara ya mwisho, na mwaka 1800 likavunjwa. Mfalme wa Denmark alilirudisha kwa amri ya mwaka 1843, likaanza kukutana mjini Reykjavík mwaka 1845, na ndilo bunge la nchi hata leo. Lakini tarehe 17 Juni 1944, watu wa Aislandi walipotaka kutangaza jamhuri yao, hawakutangaza mjini. Walirudi Þingvellir, wakasimama katika mvua nyingi.

Sasa turudi kwenye neno lenyewe, tuulize: baraza limegeukaje kuwa kitu?

Watu hawakutani bure. Hukutana kwa sababu ya jambo, yaani kesi au ugomvi au haja ya nchi. Basi jina la mkutano likawa pia jina la kesi isemwayo mkutanoni. Kisha likawa jina la jambo lolote lisemwalo, hata kama hakuna mkutano. Kutoka jambo lisemwalo likawa jambo lolote lifikiriwalo, na mwisho likawa chochote kionwacho na kushikwa mkononi. Halikuruka mara moja. Lilishuka ngazi kwa ngazi, na wasemaji wa kila kizazi hawakuona ila hatua moja tu, tena ndogo.

Wala njia hii haikupitwa na neno hili peke yake. Kilatini kina neno "causa", ambalo katika mahakama ya Warumi lilikuwa kesi. Wafaransa wakalifanya "chose" na Waitalia "cosa", na yote mawili maana yake ni kitu. Wajerumani wanalo neno jingine, "Sache", ambalo kale lilikuwa daawa na sasa ni jambo au kitu. Ndugu yake katika Kiingereza ni "sake", ambalo halisemwi ila katika maneno ya kumaanisha "kwa ajili ya".

Na sisi je? Lisikilizeni neno letu shauri. Asili yake ni Kiarabu, nako ni habari ya kushauriana, watu kukaa na kutafuta rai iliyo njema. Maana hiyo tungali nayo tusemapo kufanya shauri au kumwomba mtu shauri. Walakini shauri likawa pia kesi, tukasema huyu ana shauri bomani. Kisha likawa jambo lolote, tukasema ni shauri la Mungu. Na mtu asiyetusikiliza twamwambia shauri yako, wala hapo hatushauriani naye hata kidogo, bali tumemwacha. Tena katika bara watu wengi husema "shauri ya mvua" wakimaanisha kwa sababu ya mvua. Hapo shauri limefika pale pale "sake" ya Waingereza ilipofika, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Bado halijawa kitu cha kushikwa mkononi.

Jambo moja hapa hutuchekesha na kutuhuzunisha pamoja. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walipotawala Tanganyika, Rwanda na Burundi hata wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, wakubwa wao wa bomani walihitaji jina la mkutano wa hadhara ambamo mkubwa husikiliza kesi za watu na kutoa amri. Wakalichukua neno letu, wakaliandika kwa tahajia yao, "Schauri", na limejaa katika taarifa zao. Babu zao walikuwa na neno lao kwa mkutano wa namna hiyo, nalo lilikuwa "Ding". Lakini lilikwisha chakaa likawa kitu tu, hata wajukuu wakaazima la Waswahili. Ila mikutano hiyo miwili haikufanana. Katika ule wa Tacitus mkubwa aliweza kununung'unikiwa na watu waliobeba mikuki. Katika "Schauri" ya boma, mkuki ulikuwa wa upande mmoja.

Kwa Wajerumani na Waholanzi maana ya kale haikufa kabisa. Imejificha ndani ya maneno marefu, kama panya darini. Neno la Kijerumani la kutetea, "verteidigen", limetoka katika maneno mawili ya kale, siku na "ding", yaani siku ya baraza, ambapo mtu alisimama kujitetea. Mholanzi mwenye daawa bado husema ana "geding". Na mjini London kulikuwa na mahakama ya kale iitwayo Husting, jina la Kinorwei cha kale lenye maana ya baraza la nyumbani. Baadaye jina hilo lilipewa jukwaa waliposimama watu wagombeao kuchaguliwa katika bunge, na mpaka leo Waingereza huliita hivyo pigano la maneno la wakati wa uchaguzi.

Watu wa Norwei na Denmark wamefanya vizuri zaidi, nao wametumia hila tunayoielewa upesi. Wameyashika yote mawili, baraza na kitu, kwa neno moja, ila wameyatenga kwa ngeli. Katika ngeli zao, alama ya moja ni "en", ya nyingine ni "et". Basi "en ting" ni kitu, na "et ting" ni baraza. Msicheke, maana sisi nasi kwa kubadili herufi za mwanzo tu hutenga mtu na kitu, na shina lao ni moja. Bunge la Norwei, lililoanza kwa katiba ya mwaka 1814, huitwa Storting, maana yake baraza kuu. Bunge la Denmark ni Folketing, baraza la watu.

Tumalizie kwa kisiwa kidogo kiitwacho Man, kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland. Watu wa Norwei walikitawala zamani, wakaacha huko baraza lao. Bunge la kisiwa hicho huitwa Tynwald, na jina hilo ni lile lile la Þingvellir, yaani uwanja wa baraza, ila limebadilika kinywani mwa watu wengine. Kwa desturi, tarehe 5 Julai, wakubwa na wajumbe huenda kwa maandamano hata kijiji cha St John's, wakapanda kilima kidogo kilichotengenezwa kwa mikono, chenye ngazi nne zilizoota majani. Hapo muhtasari wa sheria mpya za mwaka husomwa kwa sauti mbele ya watu, kwa Kiingereza na kwa lugha ya kale ya kisiwa. Sheria isiyosomwa kilimani katika muda wa miezi 18 hufa. Na siku hiyo mtu aliyedhulumiwa na asipate haki mahali pengine huruhusiwa kuja hata chini ya kilima, barua yake mkononi, akaitoa mbele ya baraza. Na ikiwa imeandikwa kwa kanuni, mjumbe yeyote aweza kuichukua na kuisemea.